Viatu Mlangoni kwa Chibalonza

Ukifika nyumbani kwa Chibalonza, pale Rooty Hill, Sydney, ukavua viatu na kwenda kuketi, geuka nyuma utamkuta ameinama mlangoni anavigeuza. Kila jozi anaiweka sawa, ncha zikiangalia nje. Hasemi kitu kuhusu hilo. Anaweza kuwa katikati ya kisa na akaendelea kukisimulia hivyo hivyo, mgongo wake ndio unaoongea nawe. Viatu vya wageni, viatu vya mumewe Wilondja vya kwenye ghala, vyake vyeupe vya kazini, hata ndala za bafuni. Nimemjua miaka kumi na moja na sijaona siku aliyoacha.

Hata kazini ni hivyo. Anatunza wazee katika nyumba moja upande wa Blacktown, na huko kulikuwa na mzee Ronnie, dereva wa treni aliyestaafu, ambaye kila asubuhi alizikuta ndala zake zimegeuzwa kuelekea mlango.

"Unanifukuza, wewe?" Ronnie alimuuliza siku moja.

"Hapana, baba. Siku ukitaka kutoroka, usihangaike kutafuta."

Mzee alicheka mpaka akaletewa maji. Tangu hapo, watoto wake wakija kumtembelea, aliwaambia kwamba katika jengo lile zima ni mtu mmoja tu aliye upande wake.

Nilimuuliza Chibalonza asili ya jambo hilo mara moja tu. Tulikuwa jikoni kwake, anakoroga sufuria ya mboga ya sombe.

"Ni bibi yangu," alisema. "Kule kwetu Kivu kulikuwa miaka ya kukimbia. Bibi alipanga viatu vya nyumba yote hivi, vinaangalia nje. Ukisikia kelele, unaingiza mguu, unaenda. Hautafute kiatu kwanza." Akaonja chumvi, akaongeza kidogo. "Mengine yote tuliacha njiani. Mi nikabakia na hii."

Mimi ni Mkenya, Mkamba wa Machakos, nafanya kazi ya ofisi hospitalini na naishi peke yangu Toongabbie. Niliingia kanisa la Wakongo Jumapili moja kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ilipokwisha nikawa bado nimo. Mama Aksanti, ambaye ndiye mkubwa wa akina mama, husema walinikubali kwa sababu nafikia makabati ya juu ya jiko la kanisa bila kupanda kiti. Chibalonza alianza kuniita yaya, ambalo kwao ni dada mkubwa. Nilimwambia kwetu Kenya yaya ni msichana anayelea watoto wa watu wengine. Alicheka, akaendelea kuniita hivyo.

Yeye na Wilondja walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili bila mtoto. Habari hiyo haikuwa siri wala haikuwa mazungumzo. Chumba cha pili cha nyumba yao kilikuwa na meza ya kupigia pasi na kitanda kidogo ambacho Wilondja alikinunua kwa jirani aliyekuwa anahama, akasema ni cha wageni. Mgeni gani angetosha kwenye kitanda kile, hakuna aliyeuliza.

Walipoamua kuasili mtoto kutoka nchi nyingine, walihudhuria semina huko Parramatta na kupewa orodha ya nchi ambazo Australia ina mpango nazo. Kongo haikuwamo. Kenya haikuwamo. Wilondja alishusha kidole kwenye orodha kama mtu anayesoma ratiba ya treni, kikasimama Kolombia, kwa sababu aliwahi kuona watu wa pwani ya huko kwenye televisheni wakicheza ngoma akadhani ni wa kwao Uvira.

"Kolombia?" Mama Aksanti alisema walipotoa habari kanisani. "Ni wapi huko? Kuna watu weusi?"

"Wako, mama," Chibalonza alijibu.

"Wanakula fufu?"

"Wanakula ndizi. Wanaziponda."

Mama Aksanti alifikiri. "Bon. Hao ni watu."

Ilichukua miaka minne. Kulikuwa na vyeti vya polisi, vipimo vya daktari, na afisa wa ustawi aliyekuja kukagua nyumba na wakati wa kutoka akakuta viatu vyake vimegeuzwa, akauliza kama amekaa sana. Mwishowe, mwaka juzi, mwezi wa tatu, ikaja barua pepe yenye picha ya mtoto wa kike wa miaka sita anayeitwa Yesenia. Alikuwa na paji pana la uso na magoti yenye makovu ya kuanguka. Wazazi wake walikuwa wamefariki, na alikuwa anaishi Cali kwa mlezi wa muda, mama mmoja mtu mzima anayeitwa Nubia. Chibalonza alinionyesha picha ile kituoni Rooty Hill, akiwa amesimama, na treni mbili zikapita.

Utaratibu ni kwamba wazazi wapeleke albamu ya picha, ili mtoto awazoee kabla hawajafika. Afisa alieleza vizuri: picha zenu, picha ya nyumba, picha ya kitanda chake. Nicole, mwenye saluni ya kusuka, ndiye aliyesaidia kuzichapisha. Alipomwambia Chibalonza akae ampige picha peke yake, Chibalonza alimshangaa.

"Peke yangu? Mtoto atafikiri mama yake hana watu."

Na sisi wote tuliona ana haki. Kwa hiyo albamu ikajaa watu. Wilondja alionekana vizuri, kwa sababu ni mwanamume mwenye ndevu na huwezi kumchanganya na mtu. Lakini Chibalonza alikuwa kila mara katikati ya watu wengine, ameinama, anagawa sahani, anacheka mkono ukiwa mdomoni. Picha kubwa kuliko zote, iliyowekwa ukurasa wa kwanza, ilikuwa ya sikukuu ya akina mama. Tuko kumi na wawili, tumevaa sare: kitenge cha buluu chenye ndege wa manjano, na vilemba vya kitenge hicho hicho. Mpiga picha aliniweka katikati kwa sababu ya urefu wangu. Chibalonza yuko pembeni kabisa, ametoka jikoni mbio na sufuria mkononi, nusu ya uso wake imefichwa na kilemba cha Mama Aksanti. Chini yake waliandika kwa Kihispania: Mama yako na dada zake wanakusubiri.

Albamu ile ilizunguka kanisa zima kabla ya kupelekwa posta. Kila mtu aliishika. Hakuna aliyeona kosa, kwa sababu sisi tulijua Chibalonza ni yupi.

Waliondoka mwezi wa saba, asubuhi ya baridi. Niliwapeleka uwanja wa ndege kwa gari langu. Wilondja alikuwa na imani kwamba Kihispania ni Kifaransa kilichoongezewa "o" mwishoni, na njia nzima alifanya mazoezi. Chibalonza alishika mkoba magotini na kuniambia vitu alivyobeba: sweta nne za mtoto, mafuta ya nywele, kitana cha mbao, kitenge chake cha sare.

"Cha nini huko?" nilimuuliza.

"Yaya, mtu haendi kukutana na mtoto wake amevaa kama anaenda shifti."

Hata hivyo siku ya kukutana hakukivaa. Sanduku lake lilichelewa Santiago, likafika baada ya siku mbili, na akaenda kukutana na mwanawe amevaa suruali ya jinzi na sweta ya Wilondja.

Niliyoyasikia baadaye ni haya. Chumba kilikuwa na maputo na keki. Mlango ukafunguliwa, Yesenia akaingia ameshikwa mkono na bibi Nubia, nywele zimesukwa na shanga nyeupe. Akamwona Wilondja, akamwita papá hapo hapo, bila kusita, akamkimbilia, na Wilondja akasahau Kihispania chote na Kifaransa chote akaanza kulia kwa Kibembe. Chibalonza alipiga magoti akafungua mikono. Mtoto akamtazama kwa adabu. Kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, kuona nani mwingine anaingia.

Hakuna aliyeingia. Yesenia akatoa picha kwenye mfuko wa gauni. Alikuwa ameiondoa kwenye albamu na kulala nayo chini ya mto miezi mitatu. Ilikuwa imekunjika pembe zote, na uso mmoja ulikuwa umefutika kwa kusuguliwa na kidole, umebaki weupe tu juu ya kitenge cha buluu. Ulikuwa uso wa katikati. Uso wangu.

Bibi Nubia naye, maskini, ndiye aliyemwonyesha. Nani asingefikiri kwamba mama wa mtoto ndiye anayesimama katikati?

Mkalimani alimweleza Yesenia. Afisa wa huko alimweleza. Aliitikia kwa kichwa, akawaelewa, na akaendelea kusubiri. Alikubali kwenda kuishi nao kwenye nyumba waliyokuwa wamepanga huko Cali, kwa sababu papá alikuwa pale. Lakini mtoto alimwita Chibalonza señora, kama anavyoitwa mwanamke yeyote. Hakukubali amwogeshe wala amguse nywele. Alimkaribisha biskuti kwenye sahani, kama mgeni anavyokaribishwa, na siku ya tatu akamuuliza kupitia mkalimani kama ndege yake ya kurudi ni lini.

Jioni Chibalonza aligeuza viatu vyote mlangoni, kama kawaida yake. Mtoto alimtazama. Akavichukua viatu vyake viwili vidogo vya wazi, akavipeleka chini ya kitanda, akavielekeza ukutani.

Chibalonza alinipigia Ijumaa saa mbili asubuhi ya Sydney. Kule ilikuwa Alhamisi jioni. Nilikuwa nimesimama kituoni Toongabbie nasubiri treni ya kazini.

"Yaya," alisema. "Mtoto anakutaka wewe."

Nikadhani ni utani. Alinieleza yote, na akaeleza lililobaki: Jumatatu walikuwa mbele ya hakimu. Hakimu wa pale huwasikiliza watoto. Angemuuliza Yesenia kama anataka kwenda na watu hawa, na Yesenia hadanganyi. Angesema anamsubiri mama yake. Afisa alikuwa amemwambia Chibalonza kwa upole sana kwamba mtoto halazimishwi, na kwamba faili zinaweza kurudishwa.

"Nimengoja miaka kumi na sita," Chibalonza alisema. "Halafu mtu mrefu anaiba mtoto wangu, na hata hajatoka Toongabbie."

Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Treni ikaja. Nitasema ukweli, kwa kuwa naandika habari zake na yeye hakunificha zake. Kutoka Toongabbie mpaka Westmead ni vituo vitatu, na kwa vituo vile vitatu nilikuwa na mtoto wa miaka sita aliyefuta uso wangu kwa kidole chake. Nilitazama nyua za watu zikipita, nguo zilizoanikwa, mabwawa ya plastiki ya watoto yaliyoinamishwa kwa ajili ya baridi. Kisha nikashuka, nikampigia Mama Aksanti.

"Kesho saa mbili asubuhi," nilimwambia. "Jiko la kanisa. Wote. Na sare."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Kuna anayezaliwa."

Tulifika wote. Nicole alifunga saluni. Clarisse, anayeishi Campbelltown, alipanda treni ya kwanza na kufika amevaa kitenge juu ya koti la baridi, mnene kama godoro lililofungwa. Tulikuwa kumi na mmoja. Nikaiegemeza simu kwenye pipa la sukari, tukajipanga vile vile tulivyokuwa kwenye picha, na wa pembeni tukamwachia nafasi yake.

Simu iliita, na uso wa Yesenia ukajaa kioo. Aliponiona alifungua mdomo, na pengo la jino likaonekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa furaha ile.

"Mimi naitwa Mbula," nilisema, na mkalimani akatafsiri kule. "Ni rafiki wa mama yako."

Alinisikiliza. Nilimsogezea simu Mama Aksanti haraka.

"Mimi ni mama yako mkubwa!" Mama Aksanti alipaza sauti kama vile Kolombia iko ng'ambo ya barabara.

Nilimkanyaga mguu. "Mama, usimwambie hivyo! Ndivyo tulivyoharibu. Sema shangazi."

"Shangazi ni dada ya baba! Unataka nidanganye mtoto, tena kanisani?"

"Sema jina lako tu!"

"Mimi Mama Aksanti," alisema kwa hasira. "Ninapika. Njoo utaona."

Mmoja mmoja walisema majina yao na kazi zao. Nicole alisema anasuka. Clarisse alisema anaishi mbali. Yesenia alikuwa ameiweka picha mezani, na kila mmoja akisema jina, yeye aliweka kidole juu ya kitenge kimoja na kusogea. Tulipomaliza, alirudi mwanzo. Alituhesabu kwenye simu. Akatuhesabu kwenye picha. Akaturudia tena, midomo ikitembea.

Kisha akaweka kidole pembeni kabisa ya picha, juu ya nusu uso, na akauliza. Mkalimani akatuambia: anataka kujua mwenye sufuria yuko wapi.

Hatukujibu kwa utaratibu. Wanawake kumi na mmoja tulinyoosha mikono kwenye simu na kupiga kelele, "Huyo hapo!" mpaka kitu kikaanguka kwenye rafu.

Chibalonza alikuwa amesimama nyuma ya mtoto muda wote huo, amevaa kitenge chake cha buluu na kilemba. Yesenia aligeuka. Alimtazama yeye, akatazama picha, akamtazama tena. Akasogea karibu, akavuta ncha ya kitenge chake, akaona ndege wa manjano ni wale wale. Akauliza swali jingine, kwa sauti ndogo.

"Anauliza," mkalimani alisema, "kwenye sufuria kulikuwa na nini."

"Sombe," Chibalonza alijibu. "Majani ya muhogo."

"Anauliza kama imebaki."

"Mwambie imebaki," Chibalonza alisema. "Mwambie niliweka yake."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyoikagua mwenyewe. Hakumkumbatia. Akamvuta tu Chibalonza mkono mpaka akakaa, akageuka, akampa mgongo, akamkabidhi kitana. Upande huu Mama Aksanti alipiga vigelegele hata jirani wa kanisa akatoka nje na gauni la kulalia kuuliza kama tuko salama.

Asubuhi iliyofuata Wilondja aliamshwa kwa kuvutwa mguu. Chibalonza alimpeleka mlangoni. Viatu vyeusi vya Chibalonza vilikuwa pale alipoviacha, na kando yake, vimebanana navyo kabisa, viatu viwili vidogo vya wazi, ncha zikiangalia mlango.

"Anataka kwenda," Wilondja alisema.

"Kwenda wapi?" Chibalonza aliuliza, kwa sababu alikuwa anaogopa kujibu mwenyewe.

"Nyumbani, mwanamke! Nyumbani."

Jumatatu hakimu aliuliza swali lake. Yesenia alijibu kwamba yuko tayari, ila angependa kujua kama Clarisse anayeishi mbali atakuja pia. Sahihi ilitiwa siku chache baadaye.

Sasa anakaribia miaka minane. Anasoma hapo hapo Rooty Hill, anasikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, na akiumia analia kwa Kihispania. Kitanda kile kidogo kimeshakuwa kifupi kwake, miguu inatokeza. Jumapili baada ya ibada tunakwenda kwao kula, na yeye hupanga sahani kumi na tano bila kuambiwa.

Ni jambo moja tu ambalo yeye na mama yake hawajapatana. Mwezi wa kwanza alipofika, Chibalonza aligeuza viatu vya wageni kama kawaida, akarudi jikoni. Alipopita tena, vilikuwa vimeangalia ndani, vyote, hata vya Wilondja. Akavigeuza. Baada ya robo saa vimerudi. Akamwita mtoto, akamuuliza kwa nini, na Yesenia akamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna anayeondoka, kwa hiyo havina sababu ya kuangalia huko.

Chibalonza hajaacha. Mtoto naye hajaacha. Wilondja anasema siku moja atatoka kwenda kazini na kiatu kimoja kimeangalia Blacktown na kingine kimeangalia chumbani. Nimewaona wakipishana kwenye ukumbi bila kutazamana, mmoja akitoka kuinama na mwingine akienda kuinama, wote wawili wakijizuia kucheka. Mimi ninayerudi kwenye nyumba yenye jozi moja ya viatu mlangoni, huwa nachelewa kidogo kuaga ili niuone mchezo huo ukianza tena.

Jumapili iliyopita nilisimama, nikasema sasa naenda, giza linaingia. Chibalonza alikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa fufu mpaka kwenye viwiko. Hakugeuka.

"Yaya," alisema, "viatu vyako leo sijui vimeangalia wapi. Muulize mwenye nyumba."